Arap Yetu na Ap Yao

Sisi tuliosoma Nandi enzi za kukalia mbao, darasa zima likinuka moshi na maziwa lala, tunajua kwamba jina halikuwa kitu cha kukaa pahali pamoja. Babu yangu alikuwa Kiprotich, kwa hiyo baba akaitwa arap Rotich, yaani mwana wa Rotich, ile Kip ya mbele ikiachwa. Baba mwenyewe alikuwa Kiplagat, kwa hiyo kaka yangu alipotoka jandoni akawa arap Lagat. Kila kizazi na jina lake!

Mwalimu mmoja mgeni akaona jina la kaka na la baba hayafanani, akamtoa kaka darasani. "Nenda ulete baba yako halisi. Huyu arap Rotich si wako."

Baba alikuja na gambuti zake za shambani, akacheka mpaka akashika mlango. "Mwalimu, kwetu jina la mtu ni njia ya kwenda kwa babake. Ukitaka kufika mbali zaidi, kamuulize na huyo babake."

Leo niko ng'ambo, Takoma Park, namtunza Bi. Powell, mjane wa miaka themanini na minane ambaye hakuacha jina la babake alipoolewa. Mababu zake walitoka Wales, na amewatafuta miaka mingi kwenye picha za vitabu vya ubatizo vya makanisa ya huko. Macho yake yamechoka, kwa hiyo mimi humsomea. Kila mara tulifika kwa John Powell, mkulima, njia ikafia hapo. Hakukuwa na Powell mwingine kabla yake.

"Nitakufa sijui tulitoka kwa nani," aliniambia.

Juzi asubuhi nikakuta mtoto aliyebatizwa kutoka shamba lilelile la yule mkulima: John, mwana wa Thomas ap Howell.

"Hii ap ni nini?" nikauliza.

"Nadhani ni 'mwana wa', kwa lugha yao ya zamani."

Niliruka, chai ikamwagika! "Bi. Powell, hiyo ni arap! Ni arap yetu kabisa! Hebu tamka upesi upesi: ap Howell, ap Howell..."

Akatamka. Mara ya tatu likajitokea lenyewe: "Powell!"

Akanishika mkono, machozi yanamtoka. "Kumbe nilikuwa natafuta jina ambalo lilikuwa halijazaliwa!"

Kabla ya chakula cha mchana tulimpata Howell mwenyewe, ap Rees. "Rees! Baba yake ni Rees!" alipiga kelele kama msichana.

Wanangu waliozaliwa huku jirani, Silver Spring, wote ni Korir, jina la baba yao, nalo halisogei. Muulize kijana wa siku hizi babu wa babu yake ni nani, ataitazama simu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara. Sisi tulitaja mababu saba huku tukichambua mboga za managu, bila kukwama.

Lakini jioni ile binti yangu, ambaye hunijibu kwa Kiingereza siku zote, alisikiliza hadithi nzima, akachukua kalamu, akasema kwa Kiswahili, "Mum, sasa wa kwetu. Polepole, niandike."

Nikaanza kwa madaha. Nilipofika kwa babu wa tano, nikakwama. Wa sita na wa saba nilikuwa nao utotoni, sijui niliwaangusha wapi.

Kesho tunampigia shangazi yangu kule Nandi, huenda yeye bado anao.