Beki Asiyecheza Jumamosi

Siku niliyotia saini mkataba wangu wa kwanza, rais wa klabu alinipa kalamu yake, nami nikaishika bila kuandika. Tulikuwa watatu katika ofisi yake mtaani Rohero, Bujumbura: yeye, mimi na kocha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Tangu nivuke mpaka kutoka Uvira, upande wa Kongo, na mama yangu nikiwa mtoto, hakuna mtu aliyewahi kunilipa ili nicheze mpira. Nikamwambia rais kwamba mimi ni Msabato. Kuanzia jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi, sichezi.

Alicheka, akidhani natania. Alipoona sicheki, akamgeukia kocha na kumuuliza kama alikuwa analijua jambo hilo. Kocha alikuwa Mwislamu wa mjini, wa ukoo wa mafundi magari waliokaa Bujumbura tangu enzi za babu zao, na yeye mwenyewe alikuwa na gereji aliyoifungua kila asubuhi kabla ya mazoezi. Alisema ndiyo, alikuwa anajua.

"Prezida, mutu mwenye najua hatakuya, huyo hanisumbui," akasema. "Mwenye ananisumbua ni ule anasema atakuya, halafu hakuyi."

Nikatia saini. Ndani ya mkataba hapakuandikwa neno lolote kuhusu Sabato. Tulikubaliana kwa mdomo tu.

Msimu ule wa kwanza mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mechi nyingi zilichezwa Jumapili. Zile za Jumamosi kocha alimpanga beki mwingine, kijana mrefu aliyecheza kwa utulivu, na Jumapili iliyofuata nilirudi kwenye nafasi yangu. Wachezaji wenzangu walinitania kwamba nina ruhusa ya kiserikali. Sikukasirika, maana walinitania kwa sauti na mbele yangu.

Kanisani ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Kanisa letu liko mtaa wa Cibitoke, si mbali na chumba tulichopanga mimi na mama, na baadhi ya wazee waliona kwamba mpira wa kulipwa wenyewe ni dunia, uchezwe siku yoyote. Mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nikifunga bao huwa namtukuza Mungu au najitukuza mwenyewe. Nilimjibu kwamba mimi ni beki, huwa sifungi. Watu walicheka, na mama akanikanyaga mguu chini ya benchi. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Palikuwa na shemasi mmoja, mshona nguo, ambaye alipopewa mimbari hakukosa kuusema vibaya mpira. Ila kila Jumamosi timu yetu ilipocheza, alikuwa akisimama karibu nami mlangoni wakati wa ibada ya alasiri, anatazama mbele kama mlinzi, kisha ananong'ona: "Mbili moja. Nyinyi mbili." Sikumuuliza hata siku moja amepata wapi habari hizo.

Msimu wa pili tulianza kufungwa. Kufika mwisho tulikuwa tumebakiza mechi moja, na sare ingetutosha tusishuke daraja. Mechi hiyo ilipangwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Siku kumi kabla yake, yule beki mrefu aliumia goti mazoezini. Niliposikia kilio chake, jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa goti lake bali Jumamosi ile, na bado naona aibu kwa hilo.

Alhamisi jioni rais wa klabu alikuja kwetu kutoka nyumbani kwake Kigobe. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki kati ya mafurushi ya vitenge ambavyo mama alikuwa akivileta kutoka ng'ambo ya mpaka na kuviuza. Hakutisha wala hakugomba. Alituambia kwamba timu ikishuka, nusu ya wachezaji wataachwa, na wengi wao wana watoto. Alimwomba mama azungumze na mimi kama mzazi.

Mama alimwongezea chai kwanza. "Muzee, mi nilimufundisha kusali," akasema. "Sasa ni mutu mukubwa. Ile ingine atachagua yeye mwenyewe."

Nilitamani achague yeye. Rais alipoondoka nilimwambia hivyo, na mama akanijibu kwamba akinichagulia, nikikosea nitamlaumu, na nikipatia nitadhani ni imani yangu. Akaanza kuosha vikombe.

Ijumaa kocha hakuniuliza kitu. Nilingoja aniite pembeni, hakuniita. Nahodha wetu, ambaye mke wake alikuwa mjamzito, alinipita kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kuniambia tu, "Kesho," kama vile neno lilimwishia mdomoni. Usiku ule sikupata usingizi mzuri, na kulipokucha nilikuwa nimeamua. Nilitia viatu vya mpira ndani ya mkoba, nikaweka Biblia juu yake ili mama asivione, nikatoka. Badala ya kwenda kanisani nikaenda gereji kwa kocha.

Nilimkuta amekaa juu ya tairi la lori, anaandika majina kwenye daftari. Alinitazama, akatazama mkoba.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu, kocha. Nimekuya kucheza."

"Na Mungu wako umemwambia nini?"

 Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, kuhusu watoto wa wenzangu na kuhusu kutenda mema siku ya Sabato, lakini mbele yake hayakutoka. Kocha akafunga daftari.

"Mi nimeisha panga timu," akasema kwa upole. "We haumo. Wende ukasali."

Nilimwomba. Nilimwambia tutashuka. Akasema huenda, na kama tutashuka, atakayeshusha timu ni yeye kocha, si mimi. Kisha akasimama, akanishika bega, akanisindikiza mpaka barabarani.

Nilifika kanisani ibada ikiwa katikati, nikakaa benchi la nyuma. Sikumbuki hata neno moja la mahubiri. Alasiri shemasi alikuja kusimama karibu nami kama kawaida, lakini hakunong'ona. Ilibidi nimuulize. Akasema tulifungwa moja bila, mwishoni kabisa, mpira wa kona uliopigwa kichwa. Hakuniambia nani alikuwa akimkaba mfungaji. Nilijua mwenyewe kwamba pale ndipo huwa nasimama mimi.

Tulishuka daraja. Wiki iliyofuata kocha aliachishwa kazi. Wachezaji kadhaa waliondoka, nahodha akiwa mmoja wao, na kwa muda mrefu tulipokutana mjini alikuwa akivuka upande wa pili wa barabara. Sikumlaumu. Cha ajabu, mimi sikuachwa. Rais aliniambia kwamba daraja la pili tutacheza zaidi Jumapili, kwa hiyo sasa nitamfaa. Alisema bila kejeli, na nilicheza kwake misimu mingine minne mpaka goti langu nalo lilipochoka.

Kanisani walinisifu. Yule mzee wa swali la bao alisimama na kunitaja kama mfano wa kijana aliyekataa dunia. Nilitaka kusimama niseme kwamba viatu vyangu vilikuwa ndani ya mkoba siku ile, lakini nilibaki nimekaa. Nilimwambia mama peke yake. Akasema alivisikia vikigongana nilipokuwa natoka.

Ramadhani ilipofika, kocha alinialika nyumbani kwake kufuturu. Nilikaa na familia yake tukala tende, uji na sambusa, na watoto walipoondoka nikamuuliza lile lililokuwa likinitafuna moyoni: ningecheza, tungepona?

"Sijui," akasema. "Ulikuwa beki muzuri, haukuwa malaika."

Kisha akanisimulia kwamba alipokuwa kipa kijana, alikula mchana wa Ramadhani kwa ajili ya mechi kubwa. Hakuwa mgonjwa, hakuwa msafiri, wala hakuna aliyemlazimisha. Timu ilishinda na alibebwa mabegani. Alilipa siku ile kwa kufunga baadaye, kama dini yake inavyotaka, lakini alisema kila alipopongezwa alihisi wanampongeza mtu mwingine.

"Kocha wangu aliniona nikikula," akasema. "Alifurahi. Nilitamani angenikatalia."

Mke wake akaingia na birika, akatumiminia chai yenye tangawizi nyingi. Kocha akaniuliza kuhusu mabeki wapya wa timu, kama wanajua kupokea mpira kwa mguu wa kushoto. Nikamwambia mmoja anajua. Tulizungumza habari za mabeki mpaka adhana ya isha, akaenda kutawadha, nami nikamngoja barazani.