Toleo la Zamani Nililolifuta

Kwa miaka kadhaa nimetunza, bila mshahara, faili dogo la marejeo la chuo chetu hapa Bunia. Linaiambia kompyuta ipange vipi jina la mwandishi, mwaka na kitabu. Muundo wake ni huria, yeyote anauchukua. Shida ni kwamba wanaouendeleza huko mbali walitoa toleo jipya, na programu za zamani haziwezi kulisoma vizuri.

Mimi nililishangilia. La zamani lilikuwa limenichosha kabisa! Kila kosa nililorekebisha lilirudi, maana hapa hakuna anayepakua kitu mtandaoni: finalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, humwachia finalisti wa mwaka unaofuata flashi yenye kila kitu, pamoja na makosa yake. Nikakasirika, nikazikusanya flashi hizo, nikafuta la zamani na kuweka jipya kwa jina lile lile. Hata mama anayechapa kazi za wanafunzi karibu na lango la chuo nilimgombeza alifute kwenye mashine yake. Akaitika, "Ndiyo, prof."

Siku ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, binti mmoja alinijia mbio. Alikuwa ametoka kuifungua kazi yake, pamoja na faili langu jipya, kwenye mashine ya zamani ya yule mama.

"Prof, majina ya waandikaji yote imepotea! Iko tu myaka. Na saa sita banafunga."

Familia yake ilikimbia vita huko Djugu, daftari zake zilibaki huko. Asingeweza kuyarudisha majina kwa kichwa. Bila majina, jopo lingesema ameiba maneno ya watu, na akichelewa angengoja mwaka mzima. Niliilaani mashine ile kuukuu njia nzima, nikijua vizuri kosa ni la nani.

Tulipofika, mama hakuniuliza kitu. Alifungua kabrasha lingine, akalirudisha faili la zamani. Majina yakajitokeza, ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama, si ulisema ulifuta?"

"Nilikuitikia tu, prof. Siye hatufutake kitu yenye ingali inatumika."

Binti alikaa kwenye mashine, akafungua ukurasa wa shukrani na kuongeza mstari kuhusu mama huyo. Kisha akautafuta mstari wa kunishukuru, wenye cheo changu, akaufuta mbele ya macho yangu, na kumwambia mama achape.