Vitasa Ambavyo Baba Hakuvigusa

Baba yangu ni fundi wa vitasa na kufuli, na mtaa mzima unamwita Funguo. Kibanda chake cha mabati kiko mkabala na mlango wetu: jiliwa moja la chuma la kubania kazi, tupa za kila saizi, na ukuta wa mbao uliojaa misumari. Kila msumari una ufunguo wenye karatasi ya jina. Ndivyo anavyofanya kazi tangu kabla sijazaliwa. Akikufungia kitasa anachonga funguo tatu, mbili zako, wa tatu unabaki kwake, siku mtu akikwama ndani auchukue akakimbie. Watu walimwamini, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amepotelewa hata na kijiko.

Msumari mmoja tu hauna kitu, ule wa juu kabisa kushoto. Chini yake pameandikwa kwa kalamu: Njano, stoo.

Njano ndilo jina tulilolipa lile duka kubwa la bei za chini, kwa ajili ya bango lake. Lina matawi kila mji. Lilipofunguliwa kwetu, baba ndiye aliyefunga kitasa cha stoo, na kama kawaida yake akapigilia msumari mapema. Meneja akamwambia, "Fundi, kwetu ufunguo ni mmoja, na unakaa mfukoni mwangu. Hizo nyingine nipe zote." Baba akampa zote. Mama alikuwa amepata kazi humo humo ya kupanga mzigo, na baba hakutaka kumharibia.

Siku za kuhesabu mzigo, meneja alikuwa anafunga stoo kwa nje wafanyakazi wakiwa ndani, eti wasitoke na bidhaa. Mikoba yao ilibaki kwenye kabati la mbele. Mama alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa mkobani. Siku moja kifua kilimbana saa nne asubuhi, zamu yake ya kuhesabu akiwa peke yake mle ndani, na meneja alikuwa amekwenda benki na ufunguo wake. Wenzake wa dukani walipomwita baba, alikimbia na mfuko wa vifaa akakifungua kile kitasa kwa dakika mbili. Alikijua, alikifunga mwenyewe. Mama alikuwa ameketi ameegemea maboksi ya sabuni, tayari amekufa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Duka lilituletea kikapu cha bidhaa zao, kimefungwa utepe. Baba alikibeba vile vile kilivyo, akakirudisha na kukiweka katikati ya mlango wao, wateja wakawa wanakiruka. Tangu siku hiyo hakuna kitu cha Njano kilichovuka kizingiti chetu.

Msidhani ni jambo dogo. Tulitembea nusu saa kufuata sabuni. Mgeni akija na biskuti, baba aligeuza pakiti kutafuta kibandiko cha njano kabla hata ya kumkaribisha kiti. Maduka ya mtaani yalikufa moja baada ya jingine, na mwenye duka la kona, aliyekuwa tegemeo letu, siku anafunga alitwambia bila aibu kwamba mzigo wake wote alikuwa anautoa Njano. Baba alinuna wiki nzima kwa ajili ya sukari tuliyokwisha kuinywa.

Kisha akaongeza jingine. Njano walianza kuuza vitasa, vya bei ya kutupa, na watu wakavikimbilia. Baba aliandika kwa chaki kwenye bati la mbele: VYA NJANO SIGUSI. Hakuvifunga, wala kuvitengeneza, wala kuvichongea ufunguo. Wateja wakahamia kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye baba alimwita fundi wa plastiki. Mimi, nisiwafiche, nilikuwa naona fahari. Shuleni niliwaambia wenzangu baba yangu hanunuliki.

Aliyethubutu kumtania alikuwa mtu mmoja tu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mkunga mstaafu. Yeye ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, na mama alipokufa yeye ndiye aliyenisuka nywele na kunifundisha mambo ambayo baba angeona haya kuyataja. Alikuwa na mdomo yule bibi.

"Funguo, umewagomea sawa," alimwambia siku moja, "lakini wenyewe hawana habari. Hawajapungukiwa hata kiberiti."

"Mimi nina habari, mama," baba alimjibu. "Inatosha."

Mwaka wa tisa tangu mama afe, bibi akaanza kusahau. Alikuwa anatoka asubuhi na khanga moja kwenda kuzalisha wanawake waliokwisha kuwa na wajukuu. Mpwa wake wa kike akahamia kumtunza, akaweka mlango wa chuma, na akaja kibandani na boksi la njano mkononi.

"Fundi, nifungie hiki. Nikitoka kwenda sokoni nimfungie bibi, asije akagongwa na gari."

Baba hakunyoosha hata mkono. "Hicho sigusi. Ngoja nikupe changu, nitakifunga bure kabisa."

"Sasa hiki nikitupe? Nimeshakinunua."

"Kitupe."

Yule dada alimwangalia, akaniangalia na mimi. Ningeweza kusema neno. Ningeweza kusema, baba, ni bibi huyu, funga tu. Nikainamisha kichwa kwenye ufunguo niliokuwa namsaidia baba kuchonga, kama mtu asiyesikia. Akaenda kwa fundi wa mtaa wa pili, akafungiwa kitasa chake na funguo mbili. Mmoja akaupoteza mwezi huo huo. Kwenye ukuta wetu haukuongezeka msumari.

Ilikuwa saa tano asubuhi tuliposikia ukelele. Mpwa alikuwa amerudi sokoni akakuta moshi unatoka dirishani. Kwa haraka yake aliukaza ufunguo, ukakatikia ndani ya kitasa. Bibi alikuwa amewasha jiko akaweka kitambaa juu yake, na godoro limeshika moto. Madirisha yote yana nondo. Tulimsikia anakohoa.

Baba alifika na mfuko na drili yake ya betri kabla sijavaa viatu. Roho yangu ilitulia nilipomwona, kwa sababu katika maisha yangu sijaona mlango uliomshinda. Alipiga magoti, akakitazama kitasa, na pale nikamwona anasita. Sitadanganya kwamba alisita kwa ajili ya kiapo. Alikuwa anatafuta pa kuanzia. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa uso wa kile kitasa kama vya kipofu, na nikaelewa kwamba miaka yote ile hakuwahi kufungua hata kimoja akaona kilivyo ndani.

Akatoboa pale anapotoboa vitasa vyote. Kumbe vya Njano vina bamba gumu mahali hapo, na ukiligusa kwa drili, ulimi wa pili unashuka na kukaza mlango zaidi. Tuliusikia ukishuka. Baba akabadilisha ncha ya drili, akatoboa tena. Wanaume wawili wakaleta mtaimbo, ukapinda wenyewe, mlango haukutikisika. Ndani kikohozi kilikuwa kinakuja mara moja moja.

"Mwiteni yule," baba akasema. Hakutaja jina, lakini kila mtu alijua.

Fundi wa mtaa wa pili alikuja anahema. Alimsogeza baba kwa adabu, akapima vidole viwili chini ya tundu, akatoboa, akasukuma kwa bisibisi. Mlango ukafunguka. Hata jasho halikuwa limemtoka vizuri.

Bibi tulimkuta chini, karibu kabisa na mlango, mkono mmoja umeelekea kwetu. Mpwa alimtikisa, akamwita, akamtikisa. Mwisho baba akaja akaushika mkono wa yule dada, akamzuia.

Hakuna aliyemlaumu baba. Fundi wa mtaa wa pili alikuja kukaa naye kibandani, akamwambia, "Mzee, vile vitasa ni balaa, hata mimi cha kwanza kilinitesa." Alisema kwa wema, na kila neno lilimwingia baba kama mwiba. Mimi nilimlaumu. Nililaumu Njano kwanza, na nawalaumu mpaka leo, halafu yeye, halafu ile fahari yangu ya shuleni na kile kichwa nilichokiinamisha.

Siku ya tatu baada ya maziko, baba alivaa shati lake la kutokea. Nilimfuata kwa mbali mpaka nikamwona anapita chini ya lile bango na kuingia kwenye mlango ule ule alioachia kikapu. Mimi nilibaki ng'ambo ya barabara. Sijawahi kuingia. Alitoka na mfuko wa njano, akarudi nao mtaani mchana kweupe, watu wakimtazama, wala hakuuficha.

Alikuwa amenunua vitasa vyao aina zote. Alikifungua cha kwanza juu ya jiliwa, skrubu moja moja, akavipanga vipande kwenye gazeti. Akakirudishia, akakifunga kwenye kipande cha mlango wa zamani, akauvunjia ufunguo ndani makusudi. Kisha akaniambia, "Shika simu. Nihesabie."

Mara ya kwanza ilimchukua dakika kumi na moja. Nilimwambia, akatikisa kichwa, akafunga kingine. Ilipofika alasiri alikuwa anatumia nne, halafu tatu. Nikamwomba ale, akasema baadaye. Ile chaki kwenye bati ilikuwa bado ipo, na chini yake watu walikuwa wanapita.

"Ngapi?" akauliza.

"Dakika moja na nusu, baba."

Akaviweka chini vifaa. Nikadhani amemaliza. Akauegemeza uso wake kwenye ule mlango wa majaribio, akalia kwa sauti, kitu ambacho hakufanya hata mama alipokufa. Nilisimama na ile simu.

Kisha akajifuta kwa mkono wa shati, akachukua kitasa kingine kwenye mfuko wa njano.

"Anza," akasema.