Manowari Kwenye Beseni

Harufu ya rangi ya kijivu imejaa sebuleni. Mwanangu anapaka manowari ndogo, mfano wa zile za kale za Wajerumani, aiweke kwenye kabati lake la vioo.

Yetu ya utotoni ilikuwa ya bati, na mizinga yake ilikuwa imepinda. Baba alipewa na padri mmoja mzee wa Kijerumani baada ya kumtengenezea milango ya kanisa. Kaka yangu alipoondoka Biharamulo kwenda vitani, aliniachia mimi.

"Usiizamishe," alisema, akacheka.

Mchana mmoja nilikuwa uani nikiiendesha kwenye beseni la maji, mama akichambua maharage ya jioni pembeni. Mwenyekiti wa kijiji akaingia, kofia mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akamgeukia mama.

"Mama, kijana wetu hatarudi. Ameuawa huko mpakani."

Mama aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa. Mimi niliisukuma manowari mpaka ukingo wa pili, nikairudisha. Maji yalikuwa ya baridi. Sikulia.

"Mwanangu," mama alisema hatimaye, bila kuinua uso, "lete maji safi mgeni anawe. Chakula kiko tayari."