Picha ya Ngalula

Mwaka nilipokuwa darasa la nne, shule yetu ya Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, ilinuka udongo mbichi. Nyuma ya ukuta majirani walikuwa wakichimba kobalti ndani ya nyua zao, na tulipoimba jedwali la kuzidisha tulisikia sururu zikigonga, kama vile ziko chini ya madawati yetu. Tulikuwa watoto themanini na kitu kwa Mwalimu Kazadi mmoja. Kwa hiyo alipotujia Madamu Solange, mwanamke wa mjini aliyejitolea kutusaidia kusoma kila Jumatano, tulimpokea kama sikukuu. Aliinama juu ya daftari lako, akafuata mstari kwa kidole, na ukikosea hakupiga. Nasema haya makusudi, maana watu wakisikia hasira yangu hudhani alikuwa mkali. Hakuwa. Tulimpenda, ndiyo maana alipata njia.

Rafiki yangu Ngalula alikaa nami dawati moja. Wazazi wake walikuwa watu wa Kasai. Baba yake fundi wa magari kampunini, mama yake muuza vitenge sokoni. Alisoma kutushinda sote, na viatu vyake vyeusi alivipiga rangi mwenyewe kila asubuhi. Jumatano moja Mwalimu Kazadi alitoka kupumzika, kama alivyozoea Madamu akiwepo. Madamu akamwita Ngalula nje, nami nikafuata. Alimsimamisha penye ukuta uliobomoka, mahali lilipoonekana shimo la jirani na magunia ya mawe. Akamtazama, akakunja uso.

"Vula bilato, mama. Ni kidogo tu."

Ngalula akavua viatu, akanipa nimshikie. Madamu akachota vumbi jekundu, akampaka mashavuni na kwenye blauzi yake nyeupe, akamkataza kucheka. Akapiga picha mara tatu, mara nne, kisha akamfuta uso kwa kitambaa chake mwenyewe, kwa upole kabisa. Upole ule ndio unaonichoma mpaka leo.

Baada ya wiki chache picha ilifika mtaani, ikipita simu hadi simu. Chini yake yalikuwepo maneno ya Kifaransa: yatima huyu anachimba mawe ili apate kula. Darasani wakaanza kumwita Yatima. Siku moja wavulana walimwuliza baba yake amezikwa wapi, na jioni ileile baba huyo akapita na baiskeli kuja kumchukua. Ngalula aliacha kuinua mkono. Yeye, aliyekuwa akitusomea sote, alianza kusoma kwa sauti ambayo hata mimi niliyekaa ubavuni mwake sikuisikia.

Mama yake alikuja shuleni, kitenge amekifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Mutoto wangu iko na baba, iko na mama! Nani alimupatia ruhusa?"

"Mama, tulia," mkurugenzi wa shule alisema. "Ule Madamu iko anatusaidia."

Mwalimu Kazadi alitazama sakafu. Wakaniuliza kama niliona kitu. Nilikuwa na miaka kumi, mkurugenzi alinikazia macho, nikasema sikuona. Madamu alirudi Jumatano iliyofuata, na watoto wakampigia makofi. Ngalula alipelekwa kwa shangazi yake mjini Likasi, na sijamwona tena.

Sasa mimi ni mwalimu, hapahapa Kolwezi, na watoto huniita Madamu. Anayetaka kujitolea darasani kwangu anaambiwa mlangoni: hutoki na mtoto peke yake, humpigi picha, habari za kwao huzitangazi, na mimi sitoki. Wakubwa wangu huniita mgumu. Muhula huu alikuja kijana mmoja, msomaji mzuri wa hadithi, watoto wakimngoja dirishani. Wiki ya tatu akatoa simu. "Picha moja tu, mwalimu, kwa ajili ya wale wanaonisaidia mimi kuwasaidia ninyi." Nikakataa. Hakurudi. Mkurugenzi alinifokea kwamba nimefukuza msaada, na kweli nimebaki na watoto themanini, sauti inanikauka kabla ya saa sita. Mambo hayajabadilika kiasi cha kujivunia. Bado tunatakiwa kulipia wema wa watu kwa nyuso za watoto wetu, na bado anayekataa ndiye anayeonekana mbaya.

Watoto waliniuliza yule kijana yuko wapi. Sikuwadanganya. Niliwaambia alitaka picha yao, nikamkatalia. Kisha msichana wa dawati la mbele, mtoto wa mchimbaji, akasimama kuniuliza sababu, uso umemkunjamana kwa hasira.

"Madamu, juu ya nini ule kijana hakuniuliza mi mwenyewe?"