Kistari cha Katikati ya Kidonge

Nilikwenda zahanati ya Rusimbi kumsindikiza jirani mwenye mguu uliovimba, mimi mwenyewe sina hata mafua. Muuguzi akaniambia, "Na wewe mama, lete mkono, mbona umekaa bure?" Nikampa huku nacheka. Akapima, akapima tena. Presha yangu ilikuwa juu sana, na asubuhi ile nilikuwa nimefua shuka nne! Nilishtuka, lakini nilishtuka zaidi aliponipa vidonge. Vilikuwa vidogo, vyeupe, na kila kimoja kina kistari katikati.

Ndugu yangu, kistari kile nakijua tangu nikiwa na miaka tisa.

Nililelewa na bibi, mtaa wa Kasingirima, na kazi yetu ilikuwa dagaa. Tuliwaanika mchangani ufukweni Ujiji, tukawageuza, tukafukuza kunguru, mpaka nywele zangu zikanuka samaki na mwalimu akanihamishia dirishani. Jioni tulikula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, na chumvi ya Uvinza bibi aliimwaga bila huruma. Alikuwa na presha, anapewa vidonge vya kumeza kila siku. Muuguzi alipomwambia apunguze chumvi, alirudi nyumbani akiuliza yule binti amelelewa wapi.

Kisha vita vya Burundi vikaleta watu. Wengi walipelekwa kambini, wengine wakajisitiri mjini kwa wenyeji. Kwetu alikuja mwanamke mmoja aliyeshika mfuniko wa sufuria, sufuria yenyewe imebaki njiani pamoja na watoto wake wawili aliowazika. Nilimwita mama mgeni. Bibi alikuwa na sheria moja tu kuhusu mgeni, apewe nusu ya kila kitu. Alipata nusu ya mkeka, nusu ya samaki wetu mgebuka, hata mche wa sabuni bibi aliukata kwa uzi katikati kabisa.

Mama mgeni naye alikuwa na presha. Wauguzi wa mpakani walimpima siku alipovuka, ila hospitali hakutaka kwenda, akiogopa kuulizwa karatasi na kupakiwa kwenye lori la kambini. Alishinda ameshika kichwa. Bibi akatoa kidonge chake, akakiangalia, akanionyesha kile kistari.

"Unaona, mwana wanje, mwanangu? Hata waliotengeneza walijua mtu anaweza kuwa na mgeni."

Mimi ndiye niliyekuwa na macho mazuri, nikapewa wembe. Kila asubuhi bibi akishaswali nilikikata juu ya kibao cha mbuzi, nusu kwa bibi, nusu kwa mama mgeni, na unga uliobaki bibi aliulamba kidoleni mwangu. Nilijiona daktari. Jamani, niliringa!

Baadaye bibi akaacha hata ile nusu yake. Alisema presha ni mawazo, na mawazo yake yeye yalikuwa kunguru tu. "Mwenzangu ana makaburi njiani. Mpe chote, mimi mzima." Na kweli alionekana mzima. Alibeba beseni la dagaa kichwani na kugombana na mtaa mzima bila kuhema.

Asubuhi moja tulikuwa tunageuza dagaa. Bibi akanigeukia, mdomo umekwenda upande, akasema maneno yasiyoeleweka. Nikacheka. Nilidhani anamwigiza mlevi wa jirani, maana alizoea kunichekesha hivyo. Nilicheka mpaka alipoanguka juu ya dagaa. Sijawahi kujisamehe kicheko kile.

Hospitali daktari aliuliza kama mgonjwa alikuwa anameza dawa. Nikajibu upesi kwamba ndiyo, ninakata mwenyewe. Akaniangalia, akataka nimweleze. Nilipomaliza alikaa kitandani kwa bibi, akasema taratibu kwamba presha haiumi, kwamba mtu hujisikia mzima huku mishipa inaelemewa, na kwamba dozi ya mtu mmoja haitoshi watu wawili. Mama mgeni alikuwa amesimama ukutani. Alikuwa amekuja pale hospitali bila kukumbuka karatasi wala lori.

"Oya," alisema, yaani hapana kwa Kirundi. "Oya, mama, oya." Akateleza na ukuta mpaka sakafuni.

Siku hiyohiyo alipimwa, akapewa vidonge vyake mwenyewe, wala hakuna aliyemwuliza karatasi. Tuliporudi nyumbani aliuchukua ule wembe, akautupa chooni.

Bibi aliishi miezi michache, upande wa kulia umekufa. Mama mgeni alimlisha. Kila alipomwekea tonge, bibi alilikata kwa mkono wa kushoto, akamsogezea nusu. Tukalia, yeye akatukasirikia kwa macho.

Alipofariki, mama mgeni alikaa mpaka amani iliporudi kwao, akavuka, akaniachia ule mfuniko. Uwanja wetu sasa ni duka la simu. Dagaa wanaanikwa juu ya vichanja, na mgeni akija mjini anaulizwa kwanza amefikia gesti gani.

Yule muuguzi wa Rusimbi alinisisitizia nimeze kizima, kila siku, hata nikijisikia vizuri, na nisimgawie mtu. Nyumbani nilikiweka kidonge juu ya meza, nikakitazama kistari chake muda mrefu. Kisha nikakimeza kizima, nikajiona mchoyo.