Wachumi Walivyokula Risaga ya Matiko

Ulezi wa mbegu wa Matiko ulikaa kwenye kibuyu kilichozibwa kwa gunzi la mahindi, juu darini jikoni, na watoto wake walijua kwamba kibuyu kile hakiguswi hata njaa ifike kooni. Jumamosi ile alipopanda kwenye kigoda akakishusha mwenyewe, binti yake Happy alimwangalia tu. Matiko akaloweka sehemu, uchipue uwe kimea cha togwa. Uliobaki akaupeleka kusaga. Kibuyu kikarudi darini kitupu, kimezibwa vilevile.

Matiko ni mponda kokoto. Miaka kumi na mmoja amekaa kwenye kile kilima cha mawe pembeni mwa Turwa, hapa Tarime, miguu ameinyoosha, jiwe amelizungushia kipande cha tairi lisimrushie vipande machoni. Kabla ya hapo alikuwa na mume. Mume alienda machimboni akarudi anakohoa, akakohoa mwaka mzima, basi. Kijishamba alichomwachia kinatoa chakula cha miezi mitano, sita kama mvua imekubali. Miezi mingine yote inatoka kwenye nyundo. Wako wanawake kumi na wanne pale kilimani, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa kupenda.

Halafu mkandarasi wa barabara akaleta mashine ya kusaga mawe. Ya njano, kubwa kama nyumba, akaiegesha chini ya kilima na kuifunika turubai. Wiki mbili ilikaa kimya, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele. Mwenyekiti wa mtaa akatangaza kwamba Alhamisi saa nane mchana kutakuwa na kikao cha mwisho, kuamua kama mkandarasi apewe kilima chote au wanawake waachiwe upande wa chini.

Kwenye kikao cha kwanza Matiko alikuwa amesimama akasema wana watoto. Mtu wa mkandarasi alimuuliza, kwa upole kabisa, wanatoa tani ngapi kwa mwezi, na barabara inahitaji tani ngapi. Matiko anajua debe, anajua tripu ya lori. Tani hakuijua. Akakaa chini. Baadaye mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, alimvuta pembeni, akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mama Werema, tafuteni mtu anayezijua hesabu za mambo haya awasemee. Nitamsikiliza, nakuahidi. Ila msije tena na machozi matupu."

Mtu huyo atatoka wapi? Walikuwa bado wanaulizana hivyo Ezra alipofika na habari yake.

Ezra ni mtoto wa mzee Nashoni wa Nyamisangura. Ana shahada ya uchumi, na huu ni mwaka wa sita anaendesha bodaboda. Vyeti vyake viko kwenye bahasha ya kaki ambayo huiweka chini ya kiti cha pikipiki, maana huwezi kujua utakutana na nani. Alisema kuna wachumi wamekuja Tarime kufanya mdahalo, siku tatu ukumbini, juu ya ukosefu wa ajira na ukuaji wa uchumi. Wa mrengo wa kushoto, akaeleza, yaani wanaosimama upande wa mfanyakazi. Alhamisi asubuhi wawili wao wanataka kuona watu wakiwa kazini, na yeye ndiye atakayewaleta na kuwatafsiria Kikurya. Hakusema kwamba walikuwa wanatafuta mtafiti msaidizi, lakini alikuwa amenyoa ndevu na amevaa shati la mikono mirefu, kwa hiyo alikuwa amesema.

Matiko alimuuliza neno moja tu. "Wanajua tani?"

"Mama, tani ndiyo kazi yao."

Ndipo alipokishusha kibuyu. Huku kwetu mtu akizidiwa na kazi anaita risaga. Halipi mtu. Anapika, anakoroga togwa au anachemsha pombe, majirani wanakuja na majembe, shamba linakwisha siku moja. Anayekula risaga bila kushika jembe, jina lake linabaki vinywani mwa watu mpaka kwa wajukuu zake. Matiko hakuwa na kitu cha kumlipa msomi. Lakini chakula cha ulezi alikuwa nacho, na kazi aliyotaka kutoka kwao ilikuwa ndogo: watembee naye mpaka ofisi ya mtaa, pale penye bati la bluu, waseme tani.

Robi, ambaye nyundo yake ilikuwa jirani na ya Matiko, alicheka aliposikia.

"Dada, risaga watu wanalima kwanza, ndiyo wanakula. Wewe unaanza na tumbo?"

"Wanatoka safari. Utampeleka mgeni ofisini na njaa?"

"Mimi ningempeleka na njaa. Njaa ndiyo inasema vizuri."

Hawakubishana zaidi. Kila mmoja akarudi kwenye jiwe lake.

Alhamisi wageni walifika saa nne. Mmoja aliitwa Dakta Simioni, mrefu, ndevu zina mvi, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mwingine Dakta Lilian, mdogo kwa umri, ambaye aliposhuka tu garini alikaa chini kwenye mawe na wanawake na kuomba apewe nyundo ajaribu. Alijigonga kidole, wakacheka naye, wakampenda. Wenyewe kwa wenyewe waliitana komredi. Robi akamwuliza Ezra kwa Kikurya huyo Komredi ni ukoo wa wapi, mbona wote wanao mmoja na hawafanani. Ezra hakutafsiri.

Waliuliza maswali mazuri. Matiko hajawahi kuulizwa maswali mazuri namna ile: kifua kinaumaje, nani anapanga bei, ukiugua nani anakaa kwenye jiwe lako. Simioni aliandika kila kitu. Saa sita walienda nyumbani kwa Matiko, hatua chache kutoka kilimani, na alikuwa amepanga vizuri: ugali wa ulezi mweusi unaotoa moshi, majogoo wawili, togwa kwenye mtungi. Walinawa, wakala. Simioni aliongeza mara mbili, akasema hajala ugali mtamu hivi tangu bibi yake afe. Matiko alihesabu kila tonge kama mtu anayeona majembe yakiingia shambani.

Mtu mmoja hakula. Ezra alikaa karibu na mlango, akasema tumbo linamsumbua. Matiko akamsogezea togwa. Ezra akakipokea kikombe, akakishika, akakiweka chini kimejaa. Wageni wasingejua, lakini Ezra amezaliwa hapa. Huyu anajua kinacholiwa ni nini, Matiko aliwaza, na hataki kudaiwa.

Walipokwisha kunawa, saa ilikuwa saba kasoro. Matiko akasimama, akafunga kanga vizuri.

"Wageni wangu, tumekula. Sasa twende kazini."

Akawaeleza yote: mashine, kikao, mtu wa tani, ahadi ya mwenyekiti. Alieleza kwa Kiswahili chake, pale kilipomkwama Ezra akamsaidia. Wageni walisikiliza macho yamewatoka. Lilian alisema lazima waende, hakuna swali. Simioni akasema ndiyo, bila shaka, ila kwanza wakubaliane wanakwenda kusema nini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hayakuharibiwa na mtu mwenye nia mbaya.

Simioni alisema mashine si adui. Adui ni umiliki wake. Wanawake wapewe mashine iwe ya ushirika wao, mawe yatoke mengi, uchumi ukue, na ukikua chini ya watu wenyewe ajira zitafuata. Taifa halijengwi kwa nyundo. Lilian akasema wimbo wa kukua ameusikia tangu utoto. Uchumi unakua kila mwaka kwenye karatasi na kilimani haujawahi kufika. Mashine ile inataka watu wanne, barabara ikijengwa kwa mikono inataka mia. Serikali imhakikishie kazi na mshahara kila anayetaka kufanya kazi, hiyo ndiyo sera, mengine ni kungoja.

"Na ukiwalipa mshahara waponde mawe mpaka wazeeke, komredi, umewakomboa au umewafunga?"

"Na wewe saa nane utawaambia wangoje ushirika wa mashine ambayo si yao?"

Wakaendelea. Walitaja nchi ambazo Matiko hazijui, miaka ambayo hakuwa amezaliwa. Waligombana kwa heshima, kama watu wanaopendana. Matiko alisimama mlangoni akiangalia kivuli cha paa kinavyosogea uani, na kilichomuumiza ni kwamba wote wawili walisema kweli. Yeye mwenyewe amewahi kuilaani nyundo ile, na amewahi kuiombea isivunjike mpini. Vyote viwili ni vyake. Havijawahi kugombana kichwani mwake kiasi cha kumzuia kuamka asubuhi.

"Semeni lolote," alisema mwisho. "Hata la mmoja wenu. Semeni tu tani."

Simioni akamgeukia kwa upole. Akamweleza kwamba wakienda na kauli mbili, mtu wa mkandarasi ataingia katikati yao na wanawake ndio watakaoumia. Ndiyo maana lazima wawe makini. Lilian alikuwa ameshafungua kompyuta, akaanza kuandika tamko. Mstari wa kwanza Simioni aliukubali. Wa pili akaomba neno moja libadilishwe. Lilian akasema neno lile ndilo lenye tamko lote.

Saa nane ikapita hivyo. Wale wanawake wengine walichoka kungoja, wakaenda wenyewe na Robi mbele. Matiko hakuweza kwenda. Mwenye risaga haachi watu wake shambani.

Saa tisa kasoro Robi alirudi. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akakung'uta vumbi kwenye kanga yake, na Matiko hakuhitaji kuambiwa wala kuuliza. Robi alisema hata hivyo, taratibu. Mtu wa mkandarasi aliuliza tena zile tani. Mwenyekiti akaangalia mlangoni mara tatu kama kuna mtu anaingia. Kilima chote. Kesho asubuhi turubai linatolewa.

Dereva akapiga honi. Wageni walikuwa na ndege ya kuwahi Mwanza. Lilian aliposikia matokeo alishika kichwa, akashika mikono ya Matiko, na macho yake yalilowa kweli. Alisema tamko watalichapisha, sauti ya Matiko itafika mbali. Akaomba apige picha. Matiko akasimama apigwe, kwa sababu mgeni humkatalii. Simioni alisema mara mbili kwamba hili ni fundisho kubwa, halafu akashukuru kwa chakula.

"Karibuni tena," Matiko alisema.

Ezra alikwenda nao mpaka garini. Happy aliona yote kutoka kwenye ua: Ezra ametoa bahasha ya kaki, Simioni ameipokea, ameichungulia, ameirudisha akimpigapiga begani. Gari likaondoka. Ezra akabaki barabarani na bahasha, akiangalia vumbi mpaka likatulia.

Jua lilipoanza kulegea alirudi. Alimkuta Matiko anasugua sufuria kwa majivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nilijua ni risaga. Wao hawakujua. Ningewaambia wangekula kwa adabu nyingine. Niliogopa wataniona mshamba. Nilikuwa natafuta kazi, mama."

Matiko aliendelea kusugua. Angeweza kumtukana, matusi yalikuwepo. Lakini aliliangalia shati lile la mikono mirefu, kola imeisha imegeuzwa ndani nje, akaona Ezra ni mtu wa kilimani kama yeye, ila jiwe lake ni la karatasi.

"Ugali ulibaki?" Ezra aliuliza.

Ulibaki kipande, kimekauka kando ya sufuria dogo, alikuwa amewawekea watoto. Matiko alikiangalia, akamwangalia Ezra, akakileta. Ezra alinawa, akakaa chini, si kwenye kigoda, akala mpaka kikaisha bila mchuzi. Wote wawili walijua ametia sahihi gani.

Ijumaa mashine iliwashwa kabla jua halijachomoza. Vikombe vilitikisika kabatini. Matiko alipofungua mlango alimkuta Ezra uani amevaa suruali ya kazi, jembe begani, pikipiki ameiacha nyumbani.

"Nimekuja," alisema.

Matiko akatafuta kazi ya kumpa. Kilimani kulikuwa kumeshazungushiwa utepe mwekundu. Kuni zilikuwepo, maji Happy alikuwa ameshachota. Akaenda naye mpaka shambani, kwa sababu mtu aliyekula huwezi kumrudisha mikono mitupu. Shamba lilikuwa limelimwa tangu wiki mbili zilizopita, matuta yamesimama vizuri, yanangoja mbegu ambayo Dakta Simioni alikuwa ameisifu. Mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yanakusanyika upande wa Sirari.

"Mbegu iko wapi, mama?"

Matiko akaitazama mikono ya Ezra, ile iliyomega ugali jana. Ezra aliangalia matuta, akaangalia mikono yake, akaelewa. Kisha akainama pembeni mwa shamba, akaanza kulima upya pale palipokwisha kulimwa, tuta baada ya tuta, na Matiko akakaa ukingoni akimwangalia, hakumzuia.